Rimu za bei nafuu kwa safari za nje ya lami: zipi zinunuliwe Kampala, zipi ziachwe

Kwa Prado, Hilux, RAV4, X-Trail au Forester inayoiacha lami kila wiki lakini haitafuti matope kwa makusudi, rimu inayofaa zaidi kwa bei ndogo ni ya aloi ya asili, yaani iliyokuja na gari kutoka kiwandani, iliyotumika. Iwe imetoka kwenye gari la aina ileile, iwe na kipenyo kidogo kabisa kinachopita juu ya breki, na iwe haijawahi kuguswa na moto. Hiyo tunaiweka ya kwanza. Rimu ya chuma ya kiwandani inaifuata kwa karibu, na kwa gari la mizigo inaipita. Rimu mpya za aloi za bei ya chini ni za tatu, tena kwa masharti. Rimu iliyochomelewa haina daraja. Iachwe hata ikitolewa bure.

Njia tunazozizungumzia ni kama ile ya Ikumba kupitia Ruhija hadi Buhoma kandokando ya msitu wa Bwindi, ya Kihihi kwenda Ishasha, vijia vya Kidepo vinavyokatiza mito ya msimu iliyojaa mchanga, na miteremko ya Elgon mvua zikianza. Huko rimu haiuawi na matope. Inauawa na jiwe lililojificha chini ya vumbi, au ukingo mkali wa shimo uliogongwa kwa kilomita 60 kwa saa tairi likiwa na upepo mdogo. Mashimo ya Kampala yenyewe hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo dukani kuna mambo mawili ya kutafuta kabla ya sura: tairi litaikinga rimu hii kwa kiasi gani, na rimu ikigongwa, itakunja au itapasuka?

Punguza inchi, ongeza mpira

Chukua Prado. Ikivaa 265/60R18, ukuta wa tairi una milimita 159. Ikivaa 265/65R17, ukuta ni milimita 172. Kwenye 265/70R16, kipimo cha Prado na Hilux za zamani zenye breki ndogo, ni 185. Kimo cha gurudumu zima karibu hakibadiliki: milimita 775, 776 na 777. Kipima mwendo kinasoma vilevile na gia zinabaki zilivyo, ila kati ya jiwe na mdomo wa rimu umeongeza milimita 26 za mpira na upepo. Hakuna mtindo wa rimu unaoweza kukupa kinga hiyo. Na tairi la inchi 16 au 17 lenye michoro mikubwa hupatikana kwa urahisi, mara nyingi kwa bei ndogo kuliko la 18 au 20.

Rimu za inchi 20 zinapendeza kwenye lami. Kwa njia ya Ishasha hatuzipendekezi kwa gari lolote tulilolitaja hapa.

Kikomo cha kushuka ni breki. Prado 150 ina diski kubwa mbele, na rimu nyingi za inchi 16 hugusa kalipa, yaani kishikio cha pedi za breki. Hesabu 17 kuwa ndiyo ya chini kabisa. Forester zenye turbo zina kalipa za mbele pana kuliko za kawaida, na rimu nyingi za 15 hazipiti, ilhali 16 hupita vizuri. Usikubali kuambiwa tu. Pachika rimu tupu kwenye gurudumu la mbele, kaza nati tatu kwa mkono, zungusha polepole. Kati ya kalipa na rimu pabaki angalau milimita 3 kila mahali, na kama fundi atabandika vipande vya risasi vya kubalansi upande wa ndani, ongeza unene wa risasi hizo. Rimu ikipita kwa nafasi ya unywele leo, itaanza kukwangua siku risasi zitakapobandikwa, na kalipa itazing'oa moja moja.

Namba zinazoamua kabla ya bei

Muuzaji akisema "zinaingia, mzee", huenda anasema kweli kuhusu stadi, yaani boliti zinazoshika rimu, na asijue mengine yote. Stadi ni mwanzo tu.

Prado, Hilux za foo wili, Fortuner na Surf zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. Pajero, L200, D-Max na Ranger pia ni 6×139.7. Land Cruiser 100 na 200 ni 5×150. RAV4, Harrier na X-Trail ni 5×114.3. Forester za kawaida hadi toleo la 2018 ni 5×100, na kuanzia toleo la 2019 ni 5×114.3. Grand Vitara za kabla ya 2005 ni 5×139.7, zilizofuata ni 5×114.3. Kama rimu haina maandishi, pima mwenyewe. Ya stadi 6 ni rahisi: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Ya stadi 5 haina tundu linalokabiliana, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake. Ukipata milimita 58.8 hiyo ni 5×100, 67.2 ni 5×114.3, 82.1 ni 5×139.7, 88.2 ni 5×150. Ukipata 65.8 umeshika 5×112, ya Mercedes au Volkswagen. Hiyo inakaribiana sana na 114.3, na wapo wanaoilazimisha kwa nguvu ya spana. Usifanye hivyo. Stadi zinapinda kila zinapokazwa, nati hazikai sawa kwenye viti vyake, na siku moja stadi inakatika.

Tundu la katikati ndilo mtego mkubwa wa soko letu, kwa sababu halionekani mpaka rimu iko mkononi. Prado na ndugu zake wana habu, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ya milimita 106.1. Pajero za kuanzia 2000 na L200 ni 67.1, Ranger ni 93.1, na D-Max ni karibu 100. Rimu ya asili ya Pajero ina stadi sawasawa na Prado lakini haiwezi kuingia kwenye habu yake. Kuna watakaokuambia ipelekwe ikakerezwe tundu lipanuke. Kutoka 67 hadi 106 unaondoa karibu milimita 20 za aloi kila upande, palepale panapobeba stadi. Tunakataa. Kinyume chake, rimu ya Prado inaingia kwenye Pajero lakini inaning'inia kwa stadi peke yake, pengo la karibu milimita 20 likiizunguka habu. Hapo panahitajika bangili ya kujaza pengo, na bangili nene kiasi hicho ikerezwe kwa aluminiamu, si plastiki. Joto la breki kwenye mteremko mrefu hulainisha plastiki. Katwe wapo mafundi wenye mashine za kukereza wa kuitengeneza, mradi uwapelekee vipimo vya habu na vya rimu vilivyopimwa kwa venia, si kwa futi kamba.

Mtego mwingine wa namna hiyo unawapata wenye Forester. Premio na Allion nyingi ni 5×100, na rimu zake zimejaa mjini. Lakini tundu lake ni 54.1 na habu ya Subaru ni 56.1. Milimita mbili zinatosha kuizuia. Rimu za Impreza na Legacy za 5×100, kwa upande mwingine, zinaingia zenyewe bila bangili, na hizo ndizo za kuulizia. RAV4 na Harrier zina tundu la 60.1, X-Trail 66.1; rimu ya X-Trail inaweza kuvaa RAV4 kwa bangili, ya RAV4 haiwezi kuvaa X-Trail.

Ofseti, ile inayoandikwa ET, ni umbali kati ya uso unaokalia habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Prado 120 na 150 za inchi 17 zina upana wa 7.5J (inchi 7.5) na ET ya 25 hadi 30. Forester ya inchi 16 ni 6.5J yenye ET48. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Rimu zinazouzwa kwa mvuto wa kutokeza nje ya madigadi huwa na ET0, hata -12 au -24. Kwenye Hilux ya ET30, rimu ya upana uleule yenye ET0 inasukuma gurudumu milimita 30 nje kila upande. Beringi za magurudumu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Usukani unavutwa kila gurudumu moja likigonga jiwe. Tope na kokoto zinarushwa ubavuni hadi kwenye kioo, na ukikata kona kali tairi linakwangua bampa au ukingo wa nyuma wa tao. Kaa ndani ya milimita 10 hadi 15 za ofseti ya kiwanda. Kwa mfano, kutoka 7.5J ET30 kwenda 8J ET20, mdomo wa nje unasogea karibu milimita 16 na ndani unapata nafasi ya milimita 4 hivi. Gari linalivumilia hilo bila shida. Kwenye Forester angalia pia upande wa pili: baadhi ya rimu za Legacy zina ET55, zinasogea ndani milimita 7, na upana ukizidi tairi linakaribia shokapu.

Rimu isiyoandikwa ET unaipima hivi. Ilaze uso chini, weka ubao ulionyooka juu ya mdomo wa ndani, pima kutoka ubao hadi uso unaokalia habu. Chukua upana mzima wa nje, ugawe kwa mbili, utoe kwenye kipimo cha kwanza. Rimu ya 7J ina upana wa nje wa milimita 203 hivi. Nusu yake 101.5, kipimo cha nyuma kikiwa 132, ofseti ni karibu 30.

Kisha uzito. Tafuta maandishi ya mzigo wa juu kabisa nyuma ya spoki, kwa mfano MAX LOAD na namba ya kilo. Chukua uzito unaoruhusiwa kwenye ekseli nzito zaidi ya gari lako, gawa kwa mbili. Ekseli ikiruhusiwa kilo 1,800, kila rimu iwe na angalau 900, na kwa barabara za mawe ongeza ziada. Hapa ndipo rimu za gari dogo la saluni zinapoanguka: zinaweza kuwa 5×114.3, zikaingia vizuri kabisa kwenye X-Trail, kumbe zimepimwa kwa gari jepesi lisilobeba watu saba na magunia.

Za asili zilizotumika

Magari yetu mengi yanatoka Japani, na wenye kuyapandisha hadhi huvua rimu za kiwanda na kuvalisha kubwa zaidi. Zile zilizovuliwa ndizo bidhaa bora sokoni. Kisekka, chini ya Old Kampala, ndipo pa kuanzia. Ndeeba kwenye barabara ya Masaka pia. Rimu ya kiwanda imepimwa kwa uzito wa gari lako, ofseti yake ni sahihi, tundu lake linakaa kwenye habu bila bangili, na aloi yake kwa kawaida ina unene wa kutosha kukunja kabla ya kupasuka. Sura yake ni ya kawaida. Hiyo ndiyo kasoro yake pekee tunayoiona, na ndiyo inayofanya bei ishuke.

Uliza za tano, si nne. Bei husemwa kwa seti ya nne, na ya tano inayofanana, ukiirudia baadaye, huwa ngumu kupata. Prado 120 na 150 zinavuta magurudumu yote manne wakati wote, Forester vilevile. Gurudumu la akiba lenye kimo tofauti likivaliwa kwa safari ndefu linaufanya mfumo wa katikati, unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ukae ukizunguka na kupata joto. Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa matairi usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Akiba ndogo ile nyembamba iliyokuja na gari ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha wa karibu, na kutoka Karenga fundi huyo anaweza kuwa mbali.

Ukaguzi uchukue muda. Omba maji na brashi, osha upande wa ndani kabla ya kutazama, kwa sababu ufa hujificha chini ya vumbi la breki. Pita kidole mdomo wote wa ndani, mzunguko kamili: huko ndiko kunakogongwa na mashimo, na muuzaji anaonyesha uso wa mbele. Angalia mizizi ya spoki kwa nyuma, kisha viti vya nati. Kiti kilichokuwa mviringo kikawa na umbo la yai ni dalili kwamba rimu iliwahi kutembea na nati zilizolegea, na hakuna fundi wa kukirudisha. Ining'inize kwenye kidole na uigonge taratibu kwa spana ndogo. Nzima inalia kwa sauti ndefu, yenye ufa inatoa mlio mfupi uliokufa. Jaribio hilo halitoshi peke yake. Lipa kiasi kidogo iwekwe kwenye mashine ya kubalansi bila tairi, mtu ashike ncha ya kalamu karibu na mdomo, azungushe. Ikicheza zaidi ya milimita 1, juu-chini au kushoto-kulia, irudishwe. Kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha kabla pesa haijatoka mkononi.

Rangi mpya ni sababu ya kutazama zaidi. Tafuta mistari iliyosagwa kwa grainda ndani ya rimu, sehemu zenye rangi nene kuliko nyingine, au uvimbe mwembamba unaozunguka: ni mshono wa kuchomelea. Aloi ya rimu nyingi hupata nguvu yake kiwandani kwa kupashwa joto hadi nyuzi 500 na zaidi, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto dogo linalodhibitiwa. Moto wa gesi wa karakana unafuta kazi hiyo yote pembezoni mwa mshono. Inashika upepo, inabalansi, inapita lami vizuri. Halafu inagonga jiwe moja, na ufa unaanza palepale mshono unapoishia. Kunyoosha mdomo uliokunja kidogo, kwa mashine ya haidroliki bila moto au kwa joto dogo, tunakukubali, mara moja tu kwa rimu moja na si karibu na spoki.

Za chuma

Rimu ya chuma hukunja mapema kuliko aloi nzuri. Watu husema chuma ni kigumu zaidi. Si kweli kwa mdomo wa rimu. Faida yake ni kinachofuata baada ya kukunja: inarudishwa kwa nyundo na jeki, Kitgum, Kisoro au kando ya barabara, tairi linashika upepo, safari inaendelea. Kwa Hilux inayobeba saruji, matoke au mitungi ya gesi tunaichagua hii mbele ya aloi yoyote ya bei ya chini. Uzito wake ni kilo kadhaa zaidi kila moja, na kwenye barabara ya bati, ile yenye mawimbi madogo madogo, utaona shokapu zinafanya kazi zaidi.

Kutu ndiyo adui. Piga brashi ya waya pale tairi linapokaa na kuzunguka tundu la valvu, paka praima na rangi, acha ikauke kabisa. Kutu ikiwa imechimba vishimo hapo, tairi lisilo na tyubu litavuja polepole kila wiki, na fundi atakutafutia pancha isiyokuwepo. Wengine watashauri tyubu. Tyubu ndani ya tairi la kisasa linalotembea na upepo mdogo hujikunja, hupata joto na kupasuka ghafla. Bora ubadili rimu.

Land Cruiser za kazi zenye 7.50R16 na tyubu ziko peke yake. Rimu zake za kufunguka kwa ringi zinatengenezeka popote penye vyuma viwili vya kufungulia, na kwa kazi za mbali bado tunaziheshimu. Lakini toa sindano ya valvu na hakikisha upepo wote umeisha kabla ya kugusa ringi, na wakati wa kujaza pitisha mnyororo kuzunguka gurudumu, simama pembeni, usiinamie. Ringi isiyokaa vizuri hufyatuka kwa nguvu ya kuua.

Aloi mpya za bei ya chini

Nyingi zinatoka China, na China inatengeneza nzuri na mbaya pia, kwa hiyo nchi haikuambii kitu. Maandishi ya nyuma ndiyo yanayosema. Tunataka kuona kipimo, ET, mzigo wa juu, tarehe ya kutengenezwa na alama ya kiwango. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari ya abiria, JWL-T ni cha malori na mabasi, na VIA inaonyesha kwamba upimaji umesajiliwa na chombo huru. Kwa Hilux au Prado ya mizigo tafuta JWL-T. Alama zinaweza kuigwa, ndiyo maana tunazisoma pamoja na mzigo: rimu ya 6×139.7 isiyotaja kilo inazoweza kubeba inabaki dukani.

Kama duka linajua jinsi rimu zake zilivyotengenezwa, uliza. Zilizomiminwa aloi ikijaza kalibu kwa uzito wake tu ndizo za bei ya chini kabisa na huwa na vitundu vya hewa ndani. Zilizomiminwa kwa shinikizo ni imara zaidi. Zilizomiminwa kisha pipa lake, sehemu ya duara inayobeba tairi, likavutwa kwa rola ni nyepesi na mdomo wake unavumilia zaidi. Rimu iliyofuliwa ni bora kuliko zote, ila bei yake iko nje ya makala haya. Ukiona TE37, rimu maarufu ya kufuliwa ya Japani, kwa bei ya kawaida ya soko, ni nakala, na uihesabu kuwa rimu isiyo na jina.

Epuka kroma. Inamenyuka pale tairi linapokaa na upepo unapita. Epuka pia zile zenye boliti za mapambo kuzunguka mdomo: hazishiki tairi, zinajaza tope, boliti zinaota kutu na nyingine zinadondoka. Vipande vya kupanua vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili gurudumu litoke nje hatuvishauri kwa njia za mawe.

Nati, halafu kufunga

Rimu nyingi za asili za aloi za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za chuma na nyingi za dukani hutumia nati ya koni ya nyuzi 60. Nati ya washa bapa haiisogezi rimu katikati hata kidogo; tundu la katikati ndilo linalofanya kazi hiyo, na bila bangili sahihi gari litatikisika kuanzia kilomita 80 hata kama mashine ya kubalansi imesema sifuri. Ukifunga nati ya washa kwenye kiti cha koni inashika kwa ukingo mwembamba tu, inajilegeza. Kwa hiyo nunua nati pamoja na rimu. Toyota na Mitsubishi nyingi ni M12×1.5, yaani stadi ya milimita 12 yenye uzi wa milimita 1.5; Subaru, Nissan na Suzuki nyingi ni M12×1.25, Land Cruiser 100 na 200 ni M14×1.5. Nati ya M12×1.25 ikilazimishwa kwenye stadi ya 1.5 inaharibu uzi kwa mizunguko miwili. Nati nzuri ya M12×1.5 inapaswa kuzunguka angalau mara 8 kabla ya kubana, ya 1.25 angalau mara 10.

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi ung'ae. Chembe ya kutu hapo inaipindisha rimu nzima. Weka grisi nyembamba kwenye ukingo wa katikati wa habu tu. Stadi zibaki kavu, kwa sababu uzi wenye mafuta unakazwa kupita kiasi bila spana kuonyesha. Kaza kwa kuruka: kwenye stadi tano, ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne. Malizia kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza kwa Nm: RAV4 ni Nm 103, Prado yenye aloi Nm 112, Land Cruiser 200 yenye aloi Nm 131. Bunduki ya upepo ya karakana ikiachwa imalize yenyewe hupita namba hizi, na stadi iliyovutwa kupita kiasi hukatika baadaye, si siku hiyo. Baada ya kilomita 100, hasa kama 50 kati yake ni za changarawe, rudia kwa spana hiyohiyo rimu zikiwa zimepoa.

Badilisha valvu za mpira kila tairi linapovuliwa. Wakati wa kubalansi, gurudumu likidai zaidi ya gramu 100 za risasi, mwambie fundi ashushe upepo, alizungushe tairi nusu duara juu ya rimu, apime tena kabla ya kubandika chochote. Na ukitoka Karamoja mvua ikiwa imenyesha, osha ndani ya rimu kwanza. Udongo mweusi wa kule hukauka ndani ya pipa ukawa mgumu, upande mmoja mzito kuliko mwingine, na usukani hutetemeka kana kwamba rimu imekunja.

Upepo wenyewe: gari la psi 35 kwenye lami lishuke hadi 26 au 28 kwenye changarawe ndefu, mwendo usizidi kilomita 60. Kwenye mchanga wa mto mkavu 18 hadi 20, polepole, bila kukata kona ghafla, kwa sababu chini ya 15 tairi linaweza kuvuka mdomo wa rimu. Rudisha psi 35 kabla ya kufika lami au mawe, kwa pampu ya umeme iliyomo garini. Ukisubiri hadi kituo cha mafuta, kilomita zile za mwisho za mawe ndizo zitakazokunja mdomo wa ndani.